Kitanda cha Juu, Kitanda cha Bei Nafuu: Rekodi za Malazi Moshi na Kilimanjaro

Kitanda cha juu kuliko vyote unavyoweza kulipia nchini Tanzania kiko kwenye kibanda cha Kibo, mita 4,720 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya mteremko wa changarawe unaopanda kuelekea Gilman's Point. Ni kitanda cha mbao cha kupandana, chenye godoro la sponji, ndani ya jengo la mawe ambalo kuta zake hazipati joto mchana wala usiku. Bomba la maji hakuna. Mto wa mwisho unauacha nyuma baada ya Horombo, na kila tone la chai utakayokunywa Kibo limepandishwa na mpagazi kichwani au mgongoni. Wapandaji hufika alasiri, hula mapema, hujilaza na soksi zao mbili mbili, na kabla ya saa sita usiku huamshwa kwa chai na biskuti ili waanze kupanda gizani. Mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki hutozwa dola 60 kwa usiku wa kibanda, mbali na dola 70 za kila siku za kuingia hifadhini, na kodi juu yake. Ukigawa fedha hizo kwa saa chache za usingizi wa mang'amung'amu zinazopatikana pale, sidhani kama kuna kitanda ghali zaidi katika ukanda wetu huu, hata kwenye zile hoteli za mahema ya kifahari kule Serengeti.

Kibo kinaipita kwa urefu Capanna Margherita ya Italia, jengo la juu kuliko yote barani Ulaya, ambayo iko mita 4,554. Lakini tusijisifu kupita kiasi: majirani zetu wa Kenya wana kibanda cha Austrian Hut kwenye Mlima Kenya, mita 4,790, kwa hiyo taji la Afrika Mashariki liko kwao. Sisi tunabaki na mlima mrefu kuliko yote Afrika, mita 5,895, na mrefu kuliko yote duniani miongoni mwa milima iliyosimama peke yake bila kuwa sehemu ya safu.

Habari za urefu huo kila mtoto wa shule anazijua. Ninachotaka kukusanya hapa ni rekodi za namna nyingine, zinazomhusu msafiri mwenye mfuko mwembamba anayeshuka stendi ya Moshi na begi lake na kuuliza swali la kwanza kabisa la safari yoyote: nitalala wapi? Kadiri ninavyozisoma habari za mlima huu, ndivyo ninavyoona kwamba nyuma ya kila jina kubwa lililoandikwa kileleni kuna mwenyeji aliyetoa mahali pa kulaza ubavu. Wenyeji hao ndio wanaosahaulika upesi.

Vitanda vya mjini

Kwa bei nafuu, vitanda vyenye sifa ya muda mrefu kuliko vyote mjini Moshi si vya matajiri. Ni vya vyama na vya makanisa. YMCA, mwendo mfupi kwa miguu kutoka mnara wa saa, imelaza vizazi vya wanafunzi, walimu wa kujitolea, wachungaji na wapandaji waliokuwa wakihesabu sarafu, na ina kitu ambacho hoteli nyingi za bei mara tatu yake hazina: bwawa kubwa la kuogelea. Umoja Lutheran Hostel, katikati ya mji, ni ya watu wanaotaka usiku mtulivu, choo safi na kifungua kinywa kisicho na mbwembwe. Uhuru, ya Walutheri vilevile, iko Shanty Town kwenye miti na viwanja vipana, na bei yake imepanda ngazi kidogo.

Ila mimi nikiulizwa ni kitanda gani cha bei nafuu chenye historia nzito kuliko vyote, nitanyoosha kidole kwenye jengo la KNCU. Wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikageuka kuwa KNCU, chama kikuu cha ushirika kikongwe kuliko vyote Tanzania na mojawapo ya vikongwe barani Afrika. Fedha za buni zilizobebwa vichwani kutoka Machame, Kibosho, Kilema na Rombo ndizo zilizosimamisha jengo lile katikati ya mji, na ghorofa zake za juu, kwa miaka mingi, zilikuwa hosteli ya bei ndogo iliyoitwa Coffee Tree. Msafiri wa nje aliyelala pale akifikiri amepata tu chumba cha bei rahisi alikuwa amelala juu ya jasho la wakulima waliojitwalia soko lao wenyewe wakati wa ukoloni. Ningependa kila anayepita mbele ya jengo lile aambiwe hivyo.

Baada ya hapo zinafuata gesti za mitaani, na huko ndiko Mtanzania wa kawaida analala. Majengo, Pasua, Njoro, Soweto, Kiboriloni: chumba cha kawaida hupatikana kati ya shilingi elfu 15 na elfu 30, kikiwa na choo ndani au cha kuchangia. Utaratibu ni ule ule kila mahali. Mhudumu anakusogezea daftari kubwa la wageni lenye mistari iliyochorwa kwa rula: jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, namba ya simu, sahihi. Halafu ufunguo uliofungwa kwenye kibao chenye namba ya chumba, taulo iliyokunjwa mara tatu, kipande cha sabuni kilichokatwa kutoka kwenye mche, na ndala za mpira ambazo mara nyingi kushoto ni bluu na kulia ni nyekundu. Usilipe kabla hujaona chumba. Fungua bomba ulisikie. Funga mlango kwa ufunguo, halafu uufungue. Nyoosha chandarua juu ya taa uone matundu. Kisha uliza swali ambalo wageni wengi husahau: hapo ukutani jirani ni baa, au ni watu wanaishi? Usiku wa Ijumaa jibu la swali hilo lina thamani kuliko kifungua kinywa.

Gesti bubu, zile zisizo na leseni wala daftari, ziepuke hata kama ni nusu bei. Ukipotelewa na simu hakuna wa kumuuliza, na ukipatwa na jambo usiku hakuna anayejua kwamba ulikuwepo.

Moshi imewahi kutangazwa mara kadhaa kuwa manispaa safi kuliko zote nchini, na sifa hiyo inamfaa msafiri wa bei nafuu kuliko mgeni wa hoteli kubwa. Aliye ndani ya ukuta wa hoteli kubwa hauoni mtaa. Wewe unayetembea kwa miguu kutoka gesti hadi soko la Mbuyuni kunywa mtori asubuhi, mfereji ulio wazi au uliofunikwa ni sehemu ya malazi yako. Na mtori wenyewe nauweka kwenye orodha hii bila kusita: hakuna mlo unaokupa nguvu nyingi kwa fedha kidogo mjini hapa kama bakuli la ndizi zilizopondwa na mchuzi wa nyama, likiwa bado linatoa mvuke.

Kwa anayepanda mlima, nenda pia kwenye mitumba, Kiboriloni au Memorial. Jaketi la baridi, glavu, suruali ya kuzuia upepo: vitu ambavyo kampuni hukodisha kwa dola, pale vimerundikwa chini na unachagua kwa shilingi. Jaribu zipu kabla ya kuondoka.

Njia ya kufika yenye kitanda ndani yake

Reli iliyotoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 na ikafika Moshi mwaka 1911. Mji tunaoujua leo ulikua kwa sababu ya stesheni hiyo. Kabla ya hapo, Moshi ilikuwa kule juu, Old Moshi, kwenye makao ya wamangi, watawala wa Kichagga. Treni ya abiria ilikufa miaka ya 1990, vichaka vikameza reli, na watoto wakakua bila kusikia honi. Desemba 2019 ikarudi kutoka Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Nauli ya daraja la tatu hadi Moshi iliporudi haikufika shilingi elfu 20.

Naisifu treni hii kwa sababu moja ya hesabu: inakula usiku. Inaondoka Dar mchana, unasinzia Korogwe, unaamka Same au Mwanga ukiwa na milima ya Upare dirishani, na umeokoa fedha ya gesti ya usiku mmoja. Ukichukua daraja la kulala, umepata usafiri na kitanda kwa tiketi moja. Mabasi nayo, tangu serikali ilipoondoa mwaka 2023 zuio la miaka mingi la kusafiri usiku, yanaweza kukupa hesabu hiyo hiyo, lakini kiti cha basi kwa kilomita zaidi ya 500 hakinyooshi mgongo wa mtu mzima. Treni ni ya polepole kuliko basi na ratiba yake haina budi kuulizwa stesheni siku chache kabla. Mwenye haraka apande basi la alfajiri.

Mgeni aliyelipa kuliko wote

Tunaambiwa zamani wageni walikaribishwa bure. Si kweli kila mara, na shahidi ni Johannes Rebmann.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari huyu Mjerumani, akitoka pwani na msafara mdogo ulioongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za Uchagani, aliona theluji juu ya Kilimanjaro. Alikuwa na mwavuli mkononi na karibu hana kingine cha kujikinga. Mangi Masaki wa Kilema alimpokea vizuri. Rebmann akarudi pwani na habari ambayo wataalamu wa London waliikataa kwa miaka: barafu karibu na ikweta.

Mwaka uliofuata akarudi, safari hii akipita Machame kwa Mangi Mamkinga, akiwa na mizigo ya bidhaa aliyokusudia imfikishe hadi Unyamwezi. Mamkinga alimkaribisha, akamkalisha, na siku baada ya siku akaomba zawadi: kitambaa leo, shanga kesho, kingine kesho kutwa, mpaka mizigo ikaisha. Safari ya Unyamwezi ikafia palepale. Kwa kulinganisha na alichokuwa nacho, Rebmann amelipa malazi ya Kilimanjaro kuliko mgeni yeyote ninayemjua, kwa sababu alilipa kila kitu. Simlaumu Mamkinga kwa wepesi. Mgeni aliyepita na mizigo mingi kuelekea kwa watu wengine alikuwa anapitisha mali mlangoni kwake, na mangi alijua thamani ya mlango. Ila funzo la kwanza la safari ya bei nafuu, patana bei kabla hujatua mzigo, liliandikwa Machame mwaka 1849.

Aliyekesha tambarareni

Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walisimama kileleni, wa kwanza kuandikwa kwenye vitabu. Meyer alikuwa ameshindwa mwaka 1887, na alichobadilisha mwaka 1889 kilikuwa malazi na chakula. Akiwa chini ya ukarimu wa Mangi Marealle wa Marangu, aliweka kambi moja baada ya nyingine kwenye mteremko, na watu wa Marangu wakawa wanapandisha chakula kibichi kila baada ya siku chache. Hivyo angeweza kujaribu, kushindwa, kulala, na kujaribu tena bila kushuka hadi kijijini.

Kwenye kambi ya juu, katika tambarare kavu kati ya Kibo na Mawenzi, kwenye mita zaidi ya 4,000, alibaki nao mtu mmoja wa pwani: Mwini Amani wa Pangani. Wazungu wawili walipokuwa wakichonga ngazi kwenye barafu, yeye ndiye aliyelinda hema na moto. Mtu aliyezaliwa penye minazi na joto la Bahari ya Hindi, alikaa siku zote zile mahali ambapo maji huganda ndani ya sufuria. Nikitakiwa kutoa tuzo ya usiku mgumu kuliko wote katika historia ya upandaji wa Kilimanjaro, nitampa Mwini Amani. Kilele kiliitwa jina la mfalme wa Ujerumani hadi Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na Mwenge, kikawa Uhuru. Hakuna kibanda wala kambi yenye jina la Mwini Amani, na ningefurahi sana kuiona.

Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu ndiye anayetajwa zaidi kuwa mwongozaji wa Meyer. Alikufa mwaka 1996, na kwa hesabu ya ukoo wake alikuwa amevuka miaka 120, umri ambao ungemweka juu ya karibu binadamu wote waliowahi kuishi. Mwaka wa kuadhimisha miaka 100 ya safari ile, mzee alizawadiwa nyumba.

Malazi ya chini kabisa

Kutoka mita 4,720 tushuke hadi chini ya ardhi. Upande wa Marangu na Mamba kuna mapango yaliyochimbwa na Wachagga wenyewe ili kujificha wakati wa mashambulizi ya Wamasai. Unaingia kwa kuinama, karibu kutambaa, kupitia mdomo mwembamba uliofanywa mwembamba makusudi: adui akiingiza kichwa, anaingiza peke yake. Ndani kuna njia zinazogawanyika, vyumba vya watu, sehemu ya kupikia, na sehemu za mifugo, kwani ng'ombe ndio waliokuwa wakitafutwa. Familia nzima ililala humo na mbuzi wake. Kiingilio leo ni kidogo na mwongozaji atakuwa kijana wa kijiji. Mrefu kama mimi atatoka na vumbi begani, na ataelewa zaidi maana ya kulala salama kuliko kwa kusoma kitabu chochote.

Kutoka Moshi mjini kifodi au gari dogo la abiria litakufikisha Marangu Mtoni, na kutoka hapo bodaboda. Hakuna haja ya kukodi gari la kampuni kwa siku nzima.

Waliolala kidogo kuliko wote

Karl Egloff, Mswisi mwenye asili ya Ekwado, tarehe 13 Agosti 2014 alipanda kwa njia ya Umbwe na kushukia Mweka kwa saa 6, dakika 42 na sekunde 24. Watu wengine hutumia muda huo kutoka lango la Marangu hadi Mandara na kula chakula cha mchana njiani. Alivunja rekodi ya Kilian Jornet wa Kataloni, ambaye mwaka 2010 alitumia saa 7 na dakika 14.

Ninayemheshimu zaidi ni Simon Mtuy, mwana wa Mbahe, kijiji cha mteremkoni upande wa Marangu. Mwaka 2006 alipanda na kushuka kwa saa 9 na dakika 21 bila msaada wa mtu: chakula chake, maji yake, nguo zake, vyote alibeba mwenyewe. Hiyo ndiyo rekodi ninayoiweka kwenye ukurasa wa bei nafuu, kwani hakuwa na mpagazi, hema wala mpishi. Msiige. Kanuni za hifadhi zinamtaka mpandaji awe na mwongozaji mwenye leseni, na mwili usiozaliwa Mbahe unahitaji siku za kuzoea hewa nyembamba.

Upande wa pili wa umri yuko Anne Lorimor wa Marekani, aliyefika kileleni mwaka 2019 akiwa na miaka 89. Yeye alilala njiani usiku mwingi, na alifika.

Mahali pa juu kuliko pote mtu anapoweza kupiga hema ni ndani ya kreta, mita zaidi ya 5,700, jirani na barafu inayozidi kupungua. Pale, Septemba 2014 palichezwa kriketi, na tarehe 24 Juni 2017 timu mbili za wanawake kutoka nchi mbalimbali zikacheza mpira dakika 90 kwenye mita 5,714, rekodi ya dunia. Kuhusu kulala pale, ushauri wangu ni mfupi: usilale. Oksijeni ni karibu nusu ya ile ya Tanga, na kila fedha uliyoipunguza kwingine utaitumia kwa kuumwa kichwa.

Wanaolala vibaya kuliko wote

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo.

Safari ya mlima haiwezi kuwa rahisi sana kwa mgeni wa nje bila mtu mwingine kulipia. Ada za hifadhi ni zile zile kwa kila kampuni. Hazipungui kwa kubembeleza. Dola 70 za siku, dola 50 za kambi au 60 za kibanda, na kodi: kwa siku sita ni mamia ya dola kabla hata ya kununua kilo ya mchele. Kwa hiyo kampuni inapokupa bei iliyo chini ya wenzake wote, jiulize imekata wapi. Haikukata hifadhini. Imekata kwenye ujira wa mpagazi, kwenye chakula chake, na kwenye mahali pake pa kulala.

Wapagazi, wenyewe hujiita wagumu, hutembea na kilo 20 za mizigo ya wengine kabla ya kuongeza za kwao. Wanaondoka kambini baada yako na kufika kabla yako, na ukifika unakuta hema lako limesimama. La kwao je? Kwa miaka mingi wengi walilala mapangoni, wakijipanga ubavu kwa ubavu karibu na moto, na hata leo utawakuta wamebanana kwenye hema la kulia chakula, wakingoja wateja wamalize kula ndipo watandike. Mwaka 2003 ulianzishwa mradi wa kuwatetea wapagazi, KPAP, wenye ofisi Moshi, unaofuatilia kampuni zinavyowalipa, zinavyowalisha na zinavyowalaza watu wao. Kabla ya kulipia safari, uliza kampuni maswali matatu: mpagazi analipwa shilingi ngapi kwa siku, anakula mara ngapi, na analala wapi. Mwenye majibu mazuri atayatoa haraka. Anayesitasita umeshamjua.

Njia ya bei nafuu isiyomuumiza mtu ipo. Mtanzania na jirani zake wa Afrika Mashariki hutozwa ada za hifadhi kwa shilingi na kwa kiasi kidogo sana, na bado wengi wetu hatujawahi kuvuka lango. Nenda Marangu, ingia kwa siku moja, panda na mwongozaji hadi Mandara, mita 2,720, na kreta ndogo ya Maundi jirani yake, ushuke kabla ya giza. Utapita msitu wa mvua, utawaona mbega, na utalala Moshi kwa bei ya Moshi. Anayelala Mandara au Horombo atapata vibanda vyenye paa la pembetatu, vilivyopewa majina ya Mangi Mandara wa Moshi na Mangi Horombo wa Keni, na Marangu ni njia pekee yenye vibanda badala ya mahema. Horombo kuna hata intaneti ya kasi tangu Agosti 2022, iliyofikishwa na TTCL. Unaweza kumpigia mama yako kwa picha kutoka mita 3,720, na nakusihi ufanye hivyo.

Mti, mvua na migomba

Mti wa asili ya Afrika mrefu kuliko yote uliowahi kupimwa barani uko Kilimanjaro: mkukusu wa mita 81.5 katika bonde la Mrusungu, uliotangazwa mwaka 2016 baada ya utafiti wa Andreas Hemp. Ukanda wenye mvua nyingi kuliko wote mlimani uko upande wa kusini kwenye mita 2,200 hivi, ambako mwaka mmoja unaweza kushusha karibu milimita 3,000. Chukua koti la mvua hata kama Moshi mjini kunawaka.

Chini ya ukanda huo ndiyo migomba, na ndani ya migomba ndiyo nyumba. Kihamba cha Mchagga, kahawa chini ya migomba chini ya miti mirefu, maji yakija kwa mifereji iliyochimbwa na mababu, kilitambuliwa na FAO mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wa dunia, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu. Familia nyingi za Materuni, Marangu na Machame sasa hulaza wageni nyumbani. Haya ndiyo malazi ninayoyapendekeza kuliko yote niliyoyataja: unalala chumba cha mtoto aliyekwenda kusoma Dodoma, unakoga maji ya ndoo yaliyopashwa kwa kuni, unakula kiburu mezani na wenyeji, na fedha yako inabaki mikononi mwa mama aliyekupikia. Fika na kilo ya sukari au majani ya chai. Salimia wazee kwanza, ndipo uulize nenosiri la intaneti.

Kitanda kigumu kupatikana kuliko vyote

Kuna wikendi moja ambayo Moshi inajaa hadi sebuleni: ya Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa tangu mwaka 2003, kwa kawaida mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Hosteli hujaa wiki kadhaa kabla. Ukichelewa, tafuta Boma Ng'ombe au Himo, uamke usiku na kuja kwa gari la abiria.

Lakini hata marathoni haifui dafu kwa Krismasi. Kuanzia Desemba 20 hivi Wachagga wanarudi nyumbani, kutoka Dar, Mwanza, Mbeya, Nairobi na mbali zaidi, na barabara ya Chalinze hadi Himo inakuwa mto wa magari unaopanda mlima. Tiketi za basi zimeshaisha tangu Novemba. LATRA hutoa vibali kwa mabasi ya ziada, na bado watu wanabaki stendi. Migombani kila chumba kina ndugu, mbuzi wanachinjwa, mbege inachemka, kisusio kinapita mkononi kwa mkono, na makaburi ya wazee pembeni mwa nyumba yamefyekwa na kupakwa chokaa. Mgeni asiye na ukoo atapata shida ya kitanda mlimani siku hizo, isipokuwa amealikwa. Ukialikwa, nenda, hata kama utalala kwenye mkeka na watoto saba.

Asiyealikwa asubiri wiki moja tu. Kuanzia Januari 2 mabasi ya kushuka Dar hujaa hadi mlangoni, na yale yanayopanda Moshi huenda na viti vitupu. Konda atakuita mwenyewe, nauli inazungumzika, na gesti ambayo Desemba 24 ilikuwa imejaa itakuonyesha vyumba vitatu uchague. Januari na Februari ni miezi mikavu kiasi, na Kibo huonekana asubuhi na jioni kutoka mtaani. Weka nafasi ya treni au basi siku mbili kabla, beba kitambulisho chako cha NIDA kwa ajili ya daftari la gesti, na uombe chumba cha ghorofani upande wa kaskazini.